Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 8: Kuku aliyeng'atwa na mbwa anakudai nini?



Ndugu zangu wa Kasulu, Kibondo, Makere, Kakonko, na nyote mnaosoma mkiwa mbali na nyumbani, tafakuri ya leo imetoka uani. Juzi baada ya tarawehe dada mmoja alinitumia ujumbe wa sauti. Mbwa wa jirani ameingia kwake alasiri, amemkamata tetea mmoja mwenye vifaranga. Watoto wakapiga kelele, mbwa akamwachia akakimbia. Kuku hajafa. Manyoya ya mgongo yameng'oka, ngozi imechanika, amejibanza nyuma ya mtungi anatetemeka. Mume anasema, "Mchinje tufuturie, si atakufa tu huyo." Mwenyewe hataki. Akamalizia hivi: "Ustadh, nikimchinja nina dhambi? Na nisipomchinja akateseka, nina dhambi?"

Nilimjibu kwa kifupi usiku uleule maana kuku hangoji darsa. Lakini swali lenyewe limenikaa. Watu wengi wangelicheka, kuku ni kuku. Mimi naona ni swali zito, tena linaulizwa na mtu ambaye angeweza kunyamaza, akachukua kisu, na hakuna ambaye angemlaumu.

Tuanze na lililo jepesi. Kumchinja inaruhusiwa. Katika Suratul Maida, aya ya 3, Mwenyezi Mungu ametaja vilivyoharamishwa, na kati yake ni mnyama aliyeliwa na mnyama mkali, kisha akamtoa yule mliyewahi kumchinja. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wakaweka sharti: awe bado ana uhai uliotulia, si yule anayetupa miguu ya mwisho tu. Dalili ni kwamba anaona, anajitikisa kwa nguvu, na ukipitisha kisu damu inaruka. Kama ameshafikia kukata roho, kisu chako hakibadilishi kitu, huyo ni mzoga. Haliwi, hauzwi, wala usimpelekee jirani asiye Muislamu ukamwambia "wewe kwenu ruksa, nipe elfu tano". Mfukie, na chimba shimo refu, maana mbwa akimfukua leo, kesho anarudi kutafuta mwingine.

Sasa hapo ndipo wengi wetu tunapofungia mazungumzo. Halali, basi. Lete sufuria. Lakini angalieni saa. Ni saa kumi na moja jioni, nyumba nzima imefunga, kuna maharage na ugali wa muhogo kama jana na juzi, na mara kuku amejileta mwenyewe. Fatwa inayotoka saa hiyo mara nyingi inatoka tumboni. Mtu anasema "namuonea huruma, asiteseke", na huku macho yako kwenye paja. Silaumu njaa, sote tunayo. Nasema tu kwamba huruma ikija na harufu ya mchuzi, ipime mara mbili. Mngoje hadi baada ya futari, ukishashiba muulize tena moyo wako kama bado unamhurumia kiasi cha kumchinja.

Halafu kuna jambo tunalipita haraka: kuku ni wa nani? Kwetu huku milimani ng'ombe na mbuzi hujulikana ni wa baba, lakini kuku mara nyingi ni wa mama, na pengine wa mtoto aliyepewa kifaranga na bibi yake akakilea. Kuku huyo ndiye daftari, ndiye chumvi na sabuni, ndiye nauli ya kwenda hospitali ya wilaya usiku mtoto akichemka. Wakati wa kununua chanjo ni "kuku wako hao", wakati wa kula ni "kuku wetu". Baba, kama kuku ni wa mkeo, uamuzi ni wake. Kumlazimisha kwa sababu yeye ni mpole na wewe una sauti nzito ni kula mali ya mtu bila ridhaa yake, na kufunga kwako mchana kutwa hakuhalalishi hilo.

Turudi kwa kuku mwenyewe. Anadai nini? Katika vitabu vyetu vya fiqhi, kwenye mlango wa matumizi, baada ya kuelezwa haki za mke na watoto, huja haki za mnyama. Mwenye mnyama akikataa kumlisha, na mnyama ni wa kuliwa, hulazimishwa afanye moja katika matatu: amlishe, amuuze, au amchinje. Hakuna la nne. La nne ndilo tunalolifanya sana: kumwacha. "Akipona amepona, akifa amekufa." Wanavyuoni pale walikuwa wanazungumzia chakula, lakini naona jeraha linaingia humohumo, kwa sababu kuku asiyeweza kutembea kwenda kutafuta chakula amerudi mikononi mwako kabisa. Jana alikuwa anajichakurulia mwenyewe, leo hawezi.

Mlango wa kuuza nao una mtego. Ukimtia kwenye tenga, ukamfunika jeraha na manyoya, ukampeleka gulioni mapema kabla jua halijatoka vizuri, umefanya alichokikataza Mtume (s.a.w) alipotia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta chini imelowa. Muuze, lakini sema ameng'atwa na mbwa, jana, hapa. Mnunuzi akishajua akakubali, bei ni yenu.

Kwa hiyo kwa dada yetu yamebaki mawili, kisu au kumuuguza, na yote mawili yanaweza kuwa rehema. Hili ndilo lililonishughulisha. Tumezoea kudhani rehema ni kuachia uhai uendelee kwa namna yoyote. Sivyo. Mtume (s.a.w) katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws ametueleza kwamba wema umewajibishwa katika kila kitu, mpaka katika kuchinja: kisu kinolewe, mnyama apumzishwe. Kuku ambaye matumbo yametoka nje, au uti wa mgongo umevunjika na miguu yote miwili haina hisia, au anapumua kwa kufungua mdomo na kukoroma na hali inazidi, huyo ukimweka siku tatu kwenye kikapu "labda atapona" humfanyii wema. Unakwepa kazi ngumu, basi. Mchinje upesi na vizuri, na kama kuna vifaranga au kuku wenzake, msogeze pembeni.

Ila upande wa pili nao una udanganyifu wake. Kuku anaonekana amekwisha kabla hajaisha. Ngozi yake ni nyepesi na imeshikana na mwili kidogo tu, hivyo mbwa akivuta, kipande kikubwa kinachunika na nyama inaonekana nyekundu, unashtuka. Kumbe jeraha pana namna hiyo, likitunzwa safi, hufunga ndani ya wiki kadhaa. Ajabu ni kwamba la kuogopa zaidi ni lile dogo: tundu la jino. Juu unaona alama kama ya msumari, chini nyama imepondwa na uchafu wa mdomo wa mbwa umeingia ndani. Huyu anaonekana mzima jioni, kesho kutwa amekufa. Kwa hiyo usihukumu kwa macho ya haraka. Mpapase mwili mzima, chini ya mbawa, kwenye mapaja, karibu na mkia.

Na kutetemeka kule, kulegea, macho kufumba, mara nyingi ni mshtuko. Mshtuko peke yake huua kuku ambaye hata hajavuja damu. Dawa ya kwanza haiuzwi dukani: giza, utulivu na joto. Kikapu au boksi, majani makavu chini, kanga juu, ndani ya nyumba mbali na watoto wanaotaka kumwona. Usiku wa milima yetu ni baridi, hasa kipindi hiki cha mvua, na kuku aliyeng'oka manyoya ni kama mtu aliyevuliwa koti. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa ukiiweka kando yake inatosha. Vifaranga viwekwe karibu avisikie. Akitulia, usiku virudishwe chini ya bawa lake kama vidonda viko mgongoni. Kama viko kifuani au chini ya mbawa, vitafutie joto lingine.

Damu ikiwa inatoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kadhaa bila kuchungulia kila mara. Kisha safisha. Chemsha maji, yapoe, nusu lita kwa kijiko kimoja kidogo cha chai cha chumvi, mwagia mpaka uchafu wote utoke. Kata manyoya yaliyozunguka kidonda kwa mkasi, usiyang'oe. Usipake majivu, wala mafuta ya taa, wala kinyesi cha ng'ombe. Nimesikia yote hayo. Paka asali. Sisi wa Kibondo na Kasulu hatuna udhuru hapa, mizinga imejaa misituni mwetu na asali yetu inasafiri mpaka mikoa mingine. Suratun Nahl imeitaja asali kuwa ina ponyo kwa watu, na hospitali nazo zinatumia asali iliyosafishwa kwenye vidonda, kwani huvuta maji na kuzuia vijidudu visizaliane. Asali safi tu, isiyochanganywa sukari. Kuku afunikwe nzi wasimfikie, na kidonda kikaguliwe kila siku asubuhi na jioni. Nzi akitaga, ndani ya siku moja utaona funza, na funza wakiingia, kazi imekuwa nyingine.

Maji mpe kwa tone kando ya mdomo, ameze mwenyewe. Usimfungue mdomo ukamimina, njia ya hewa iko palepale nyuma ya ulimi na utamzamisha. Akianza kunywa mwenyewe, mpe uji laini au pumba zilizoloweshwa. Utakuwa unamnywesha saa saba mchana huku koo lako limekauka. Mgonjwa hafungi, ndugu yangu, na huyu hata asingeumwa hakuandikiwa saumu. Kuna kitu unakijua wewe kuhusu kiu saa hiyo ambacho mwezi wa Shaabani ulikuwa hukijui.

Na asirudishwe kwa wenzake mapema. Kuku wakiona damu wanadonoa. Hawana ubaya, ndivyo walivyo, lakini watammaliza aliyeponyoka kwa mbwa.

Mmoja ataniuliza, muda wote huu kwa kuku mmoja? Ndugu zetu wengine hawana futari. Swali hili ni la haki, silipuuzi. Kama kuna mgonjwa nyumbani anayehitaji mikono yako, mtu kwanza. Ila mara nyingi tunaposema "kuna watu wenye shida zaidi" hatuelekei kwa hao watu, tunaelekea kwenye simu. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Masud kwamba Masahaba wakiwa safarini walichukua makinda ya ndege mdogo, mama yake akaja akawa anapigapiga mbawa juu yao. Mtume (s.a.w) alipoona akauliza nani amemtia uchungu ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe. Alikuwa na msafara mzima wa kuuangalia. Hakusema ndege asubiri. Na yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji kumpa mbwa mwenye kiu, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenye kiu ileile dakika chache nyuma.

Mbwa. Sasa tufike kwake.

Wengi wenu mmeuliza habari ya najisi. Mate ya mbwa kwetu Mashafi ni najisi nzito, kinachoguswa huoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Hiyo ni kwa mkono wako, nguo yako, chombo chako, na nyama pale alipong'ata kama umemchinja kuku. Haina maana umpake udongo kuku aliye hai kwenye kidonda kibichi, utamuua kwa jina la twahara. Kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Kama mbwa huyo anatoa mate ovyo, anang'ata kila kitu, anayumba, au ni mpole ambaye ghafla amekuwa mkali, usimguse kuku kwa mkono mtupu na wala usimle, mwite afisa mifugo wa kata. Na kama wakati wa kumwokoa kuku wewe au mtoto mmeng'atwa, au mate yameingia kwenye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Kichaa kikishaonesha dalili kwa mtu, hakina tiba.

Kama mbwa ni mzima, basi ana mwenyewe, na hapa ndipo saumu za watu zinapochanika. Unakwenda kwa jirani umebeba kuku anavuja damu. "Baba Fulani, angalia mbwa wako alichofanya!" Naye anakujibu, "Kuku wako nao si wamemaliza mbegu zangu za maharage?" Dakika mbili baadaye mmeshatukanana mpaka bibi zenu marehemu. Tumefundishwa aliyefunga akichokozwa aseme, mimi nimefunga. Tunaisema kwa fahari, kama kitambulisho. Ilikusudiwa kuwa breki.

Lakini kutopigana si kuachia haki. Fiqhi imelijadili suala hili kwa undani unaoshangaza. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa misikitini kwetu tangu zamani, amemzungumzia paka anayeharibu ndege wa watu: akiwa amejulikana kwa tabia hiyo, mwenyewe atalipa, iwe usiku au mchana. Kama hakujulikana nayo, halipi. Mbwa mkali ndiyo hivyo zaidi. Ona hekima yake. Mara ya kwanza inaweza kuwa ajali, mbwa wa jirani yako hajawahi kugusa kuku, naye ameshangaa kama wewe. Ya pili siyo ajali tena. Tangu siku anajua na hakumfunga, kosa limehama kutoka kwa mnyama likaja kwa mtu. Kwa hiyo ukimpelekea habari mara ya kwanza, ipeleke kama habari, kwa sauti ya habari. Mbele ya shahidi mmoja, si vibaya.

Na malipo yaweje? Hapa nafikiria hukumu ya Daud na Suleiman (a.s) iliyotajwa katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79. Kondoo wa watu waliingia shamba la mtu usiku wakalila. Wafasiri wanaeleza kwamba Daud aliona kondoo wapewe mwenye shamba kufidia hasara. Suleiman akaona njia nyingine: mwenye shamba akae na kondoo anufaike na maziwa na sufi, na mwenye kondoo alilime lile shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake. Qur'ani inasema Suleiman alifahamishwa hukumu hiyo, na bado inawasifu wote wawili kwa hekima na elimu. Mimi nikiisoma naona hukumu ya kwanza inalipa hasara, ya pili inamtuma aliyesababisha hasara akaishike kwa mikono yake. Hebu tujaribu kwetu: jirani mwenye mbwa asitupe noti mezani tu. Anunue dawa, aje ajenge mlango wa banda kwa mabanzi na komeo, au alete kifaranga kwa kila kilichopotea, na mbwa afungwe mchana. Na wengi wa majirani zetu hawa si Waislamu. Wameona unafunga, wanakuangalia utakavyodai haki yako.

Usitegeshe sumu. Nasema hili kwa sababu naona linafanyika: kipande cha nyama, dawa ya panya, usiku. Anayekufa anaweza kuwa mbwa mwingine kabisa, au kunguru, au paka wa watoto. Mbwa haelewi mali ya mtu. Mara nyingi ni mwenye njaa, amewekwa kulinda nyumba na hapewi hata ukoko. Ngamia aliyemlalamikia Mtume (s.a.w) njaa na kuchoshwa alikuwa na mwenyewe, na aliyekemewa ni mwenyewe. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, mwenyekiti wa kijiji anaweza kuwakumbusha watu kabla hamjafika mbali.

Kuna upande wa mwenye kuku pia. Viwanja vyetu viko wazi, mgomba huu, nyumba ile, njia katikati. Kuku wakilala juu ya mti au barazani, mbwa, kicheche na mwizi wote wanawajua. Na kuna mgeni anayeua kuliko mbwa wote wa Kasulu wakijumlishwa: mdondo, wengine wanaita kideri. Anaingia, anamaliza banda zima kwa wiki moja, na hakuna jirani wa kugombana naye. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na mkichangishana kitongoji kizima chupa moja inawatosha wengi. Mtu anayemlilia tetea mmoja aliyeng'atwa na hajawahi kuchanja wenzake 20, huruma yake naomba aitembeze kidogo mpaka bandani.

Dada yetu aliandika tena leo asubuhi. Kuku amekunywa maji. Mumewe ndiye aliyekwenda duka la dawa za mifugo, amerudi na pakiti ya OTC ya kuchanganya kwenye maji. Anauliza kama akitaga mayai yaliwe. Jibu: someni nyuma ya pakiti, imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai, na mkikosa kuelewa mwulizeni muuzaji au bwana mifugo. Mpaka siku hizo zipite, mayai hayo msile, na msiyapeleke gengeni.